Siku Mlango wa Mkunga Ulipoanza Kusema

Mambo yalianza kwa simu kuwekwa kwenye friji. Mkunga alikuwa ametoka sokoni, mikono imejaa, kichwa kimechoka na jua. Akapanga nyanya, karoti na simu yake kwenye droo ya chini ya friji, akafunga, akaenda sebuleni kufuma. Kwa muda wa saa sita simu iliita humo ndani pasipo mtu kuisikia. Upande wa pili wa dunia, binti yake wa kwanza, ambaye ukoo mzima unamwita Kifungua kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alipiga mara thelathini na moja. Alipochoka akampigia mlinzi wa getini. Mlinzi akapanda hadi ghorofa ya nne kwa miguu, lifti ikiwa imeharibika, akagonga, na Mkunga akamfungulia akiwa na sindano mbili za kufumia mkononi.

"Mama, mwanao anasema umekufa," mlinzi alisema huku akihema.

"Mwambie bado," Mkunga alijibu, akaenda kumletea maji ya kunywa.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Ijumaa Kifungua alikuwa ameshanunua kamera kwa mtandao na kumtafuta fundi. Hoja zake zilikuwa mbili: kwamba mama anaishi peke yake, na kwamba mwezi uliopita mtu alianua nguo za jirani wa chini zikiwa bado mbichi, akaondoka nazo na beseni lake. Mkunga hakubishana. Kubishana na Kifungua ni kazi ya kutwa, naye alikuwa na sweta la kumalizia.

Fundi alipandisha ngazi yake, akatoa drili, kisha akasita.

"Mama, kamati ya jengo imekupa kibali?"

"Kibali cha nini? Mlango ni wangu. Nyumba ni yangu. Hati ninayo kabatini."

Fundi alijikuna kisogo, akautazama ukuta wa korido, akamtazama Mkunga, akaona heri atoboe tu. Ndani ya nusu saa kamera ilikuwa juu ya mlango, nyeupe, ukubwa wa kipande cha sabuni. Ilikuwa na jicho moja, maiki na spika ndogo. Iliona kuanzia lifti hadi mlango wa Mwalimu, uliotazamana na wa Mkunga hatua nne tu mbele.

Wiki ya kwanza Kifungua alizungumza na mama yake peke yake. "Shikamoo, mama. Umefunga bomba la jikoni?" mlango ulisema kila Mkunga alipotoka, naye alirudi ndani kuangalia, na mara nyingi bomba lilikuwa wazi kweli. Wiki ya pili Kifungua alianza kuwasalimu wapita njia. Dada wa ghorofa ya tano, aliyekuwa akipanda na mifuko miwili, aliposikia ukuta ukimwambia pole na mzigo, aliviachia vitunguu vikabingirika hadi ghorofa ya tatu. Watoto ndio waliofurahi kuliko wote. Walimbatiza Shangazi Mlango, wakawa wanapanda wakitoka shule ili waulizwe walichosoma.

Mkunga naye, tuseme ukweli, alikolea. Miaka tisa binti yake alikuwa mbali, na sasa ilikuwa kama amerudi nyumbani bila kuleta masanduku. Alikuwa akikaa sebuleni akifuma, huku akisikia nje sauti ya mwanawe ikimuuliza mtu hali, na moyo ukitulia.

Tatizo lilianzia kwa Mwalimu.

Mwalimu alifundisha hesabu shule ya sekondari, mtu mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri na tai kila siku ya kazi. Mwaka uliopita daktari alimkuta na sukari, na tangu siku hiyo mkewe aliisafisha nyumba, hakikubaki hata kijiko cha asali. Lakini kila saa kumi jioni Mwalimu aliposhuka kwenye lifti, alisimama koridoni akiupa mlango wake mgongo, akafungua mkoba, akatoa pakiti ya biskuti za krimu, akala mbili taratibu kama anayesahihisha mtihani. Kisha akafuta masharubu, akaingia ndani kunywa chai ya rangi isiyo na kitu, kwa uso wa mtu anayeonewa.

Kifungua alimwona siku saba na akajizuia. Siku ya nane Mwalimu alirudisha mkono ndani ya pakiti tena.

"Mwalimu," mlango ukasema, "hiyo ya tatu."

Mwalimu alipaliwa. Alikohoa hadi Mkunga akatoka mbio na glasi ya maji, akampiga mgongoni kwa kiganja kama alivyopiga vichanga kwa miaka thelathini na mbili ili vivute pumzi ya kwanza. Aliporudiwa na sauti, Mwalimu alifuta machozi, akainua macho kuelekea kamera.

"Dada Mkunga, kinachoonwa na kitu hiki, nani anakiona?"

"Mimi na mwanangu tu, Mwalimu. Usiwe na wasiwasi."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Hakujua kwamba wakati anasema, Kifungua alikuwa ameshakitupa kile kipande cha video kwenye kundi la familia, lenye watu arobaini na watatu, kikiwa na vikatuni vya kucheka mstari mzima. Binamu mmoja akakipeleka kwa wenzake wa kazini. Wenzake wakakipeleka walikokipeleka. Jumamosi mke wa Mwalimu alikuwa saluni, kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nywele, mama wa kiti cha pembeni akamsogezea simu: "Hebu mwone mzee huyu, nimecheka tangu jana." Mke wa Mwalimu akaona masharubu. Akaona mkoba alioununua yeye mwenyewe. Akaona mlango wenye zulia la maua, akatambua kwamba ni mlango wake.

Jumatatu asubuhi Mkunga alikuta barua chini ya mlango. Iliandikwa kwa mwandiko wa ubaoni, kila hoja na namba yake. Kwa heshima zote, Mwalimu aliomba jicho la kamera litolewe mlangoni kwake, picha zake zote zifutwe, na aambiwe ni akina nani wamezipata. Chini kabisa: nakala kwa kamati.

Mkunga aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena ameketi, na kila aliposoma alizidi kupandwa na hasira. Mtu anakula biskuti kwa kujificha, halafu mwenye kamera ndiye mkosaji? Akavaa kanga ya pili mabegani, akaingia kwenye lifti, akapanda ghorofa ya sita kwa mwenyekiti wa kamati.

Mwenyekiti alikuwa wakili, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, na asubuhi ile alikuwa nyumbani amevaa kandambili akipiga pasi joho lake jeusi.

"Mwanangu," Mkunga alianza hata kabla ya kuketi, "niambie, mtu hana haki ya kulinda mlango wake?"

"Anayo, mama. Kaa kwanza."

"Basi mwandikie Mwalimu hivyo."

Wakili alisimamisha pasi. "Mlango wako ni upi, mama? Tuanzie hapo. Ndani ya nyumba ni kwako, ungeweka kamera hata kumi. Lakini ukuta wa nje, korido, ngazi, lifti, vyote hivyo ni vya wote, vimeandikwa kwenye hati yako mwenyewe ukurasa wa tano. Kutoboa pale kunataka idhini ya kamati, tena ya maandishi."

"Fundi aliniuliza," Mkunga alikiri kwa sauti ya chini. "Nikamjibu vibaya."

"Hilo la kutoboa ni dogo, linarekebishika. Kubwa ni jicho. Kamera ikitazama miguu yako mwenyewe, sheria haina shida nayo. Ikianza kutazama mlango wa jirani, anatoka saa ngapi, anarudi na nani, hapo umekuwa mtunza taarifa za watu. Unatakiwa uwaambie, uweke tangazo, usizihifadhi kupita inavyohitajika, na mtu akitaka kuona ulichonacho kumhusu, umwonyeshe. Na sauti ndiyo mbaya zaidi. Kurekodi mazungumzo ya watu wasiojua kwamba wanarekodiwa, hilo linaweza kukupandisha kizimbani."

Mkunga alijaribu njia ya mwisho. "Lakini tunaona mimi na Kifungua tu."

Wakili aliweka joho pembeni. Alichukua simu yake mezani, akapekua kidogo, akampa. "Mimi nilitumiwa na dada yangu juzi. Anaishi mji mwingine kabisa."

Mkunga akavaa miwani. Alikuwa hajaiona ile video. Alimwona Mwalimu kutoka juu, kipara kidogo ambacho hakukijua, chembe za biskuti kwenye tai, mabega yamekunjwa kama ya mtoto aliyejificha. Akasikia sauti ya mwanawe, kisha kikohozi, kisha akajiona mwenyewe akitokea mbio na glasi. Chini ya video watu wasiomjua Mwalimu walikuwa wameandika maneno yao.

Alirudisha simu, akavua miwani. Alikuwa akikumbuka leba. Mwanamke akibanwa na uchungu husema yote: hutaja majina, hutukana, hukiri. Mkunga alisikia mambo ambayo yangevunja nyumba nusu ya mtaa, na kesho yake alipokutana na wanawake walewale sokoni, aliwasalimu kama watu asiowahi kuwaona hata kidole cha mguu. Hakuwahi kufundishwa hilo na mtu. Alijua tu kwamba bila hivyo hakuna ambaye angekuja kwake tena.

"Anaweza kunishtaki?" aliuliza hatimaye.

"Anaweza. Na akija kwangu nimtetee, nitashinda." Wakili alitabasamu. "Lakini ameandika barua, hajaenda mahakamani. Mtu anayeandika barua bado anataka ujirani."

Jioni ile Mkunga alimpigia mwanawe kabla mwanawe hajapiga.

"Mama, ulikuwa utani tu," Kifungua alisema. "Kila mtu amempenda."

"Nani alikupa ruhusa ya kumpendesha kwa watu?"

Kifungua alianza kujitetea, Mkunga akamkatiza.

"Mimi nimezalisha wake za wakubwa na wake za wachuuzi. Umewahi kunisikia nikitaja hata mmoja mezani?"

"Hapana, mama."

"Na ulikuwa unauliza."

"Nilikuwa nauliza sana."

"Basi. Sasa uanze na kundi la familia, mmoja mmoja, arobaini na watatu, wafute. Halafu umpigie Mwalimu mwenyewe."

Kazi ile ilimchukua Kifungua siku mbili. Binamu aliapa kwamba amefuta, akabanwa, akafuta kweli. Mjomba mmoja alidai hajui kufuta kitu kwenye simu, akaelekezwa hatua kwa hatua kwa dakika arobaini, na mwisho akafuta picha zote za harusi ya mwanawe, video ikabaki. Walianza upya.

Mkunga naye alivuka zile hatua nne, akagonga kwa Mwalimu. Alifungua mke.

"Karibu, dada. Ya biskuti yaache, hayo nitayamaliza mwenyewe na mtu wangu," mke wa Mwalimu alisema. "Ila la kuoneshwa mume wangu saluni lilinichoma."

"Nimekuja kwa hilo. Nimekosa, na mwanangu amekosa zaidi yangu."

Mwalimu alikuwa mezani na rundo la madaftari. Hakuinuka mara moja. "Dada Mkunga, unajua kinachonipata darasani? Kila nikisema tufungue swali la tatu, darasa zima linakohoa. Wanafunzi arobaini na tano, kwa pamoja. Juzi nimelazimika kuruka kutoka swali la pili kwenda la nne."

Mkunga aliuma mdomo. Alimwangalia mke wa Mwalimu, akakuta naye ameuma wake. Hapo ndipo kicheko kilipowashinda wote wawili, na Mwalimu, baada ya kukaza uso kadiri alivyoweza, akacheka hadi masharubu yakatikisika.

Simu ya Kifungua ilimkuta katika hali hiyo. "Shikamoo, Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu akiwa darasa la pili. "Nimepiga kuomba radhi. Nilikuchunguza bila haki na nikakutangaza."

"Marahaba. Nimekusamehe," Mwalimu alisema. Akamsubiri mkewe aingie jikoni, akaisogeza simu karibu na mdomo. "Lakini hesabu yako inanisikitisha. Ile ilikuwa ya nne. Moja nilikula kwenye lifti."

Mkutano wa wakazi ulifanyika Jumamosi alasiri chini kwenye maegesho, viti vya plastiki vimepangwa kati ya magari mawili. Jirani aliyeibiwa nguo alitaka kamera kila kona, hata kwenye kamba za kuanikia. Mzee mmoja wa ghorofa ya kwanza, mwanajeshi mstaafu, alitaka kinyume chake, na alikuja na nyundo kabisa.

"Nipeni dakika mbili tu nikaishushe," alisema.

"Ukiigusa kwa nyundo, mzee wangu, kosa litahamia kwako," Wakili alimwambia. "Hiyo ni mali ya mtu. Hata kamati haina mamlaka ya kuing'oa hivihivi. Weka nyundo chini ya kiti."

Mzee akaiweka chini ya kiti.

Mkunga alisimama. Hakuwa mtu wa hotuba, na mikono ilimtoka jasho kuliko siku ya mapacha watatu. Aliwaomba radhi wote waliopita kwenye korido ile wakarekodiwa bila kujua, na alimtaja Mwalimu mbele ya watu. "Sauti nimeshaizima, na zilizorekodiwa nimezifuta," alisema. "Lakini naomba na mimi nisikilizwe. Naishi peke yangu. Nina miaka sitini na saba. Mtu akigonga, ninapenda kujua ni nani kabla sijafungua. Na nikianguka mlangoni, ninapenda mtu ajue. Hilo nalo ni la haki au si la haki?"

Watu waliguna kwa kukubali. Wakili akasema ni la haki, na kwamba kanuni za jengo hazikatazi kamera, zinataka tu iwekwe kwa utaratibu. Wakajadiliana karibu saa nzima. Ikakubaliwa Mkunga apewe idhini ya maandishi, kamera ione kizingiti chake pekee, sauti ibaki imezimwa, kuwe na tangazo dogo pembeni ya mlango, picha zijifute zenyewe baada ya siku saba, na kipande chochote kisimfikie mtu mwingine isipokuwa polisi wakija na barua. Kifungua aruhusiwe kutazama, ila namba ya siri ibaki mikononi mwa mama yake.

"Nami nitajuaje kwamba inaona kizingiti tu?" aliuliza mke wa Mwalimu. "Milango yetu inatazamana."

Fundi wa kamera, aliyekuwa ameitwa mkutanoni na kukaa nyuma kabisa, alisema ataiinamisha kidogo kwa makadirio.

Mwalimu akainua mkono. "Kwa nini tukadirie? Hilo ni swali la pembe."

Jumapili asubuhi korido ya ghorofa ya nne iligeuka darasa. Mwalimu alikuja na kipimapembe kikubwa cha ubaoni, kamba, chaki na tai yake ya kazini. Alipima urefu kutoka sakafuni hadi kwenye kamera, akapima upana wa zulia la Mkunga, akachora mstari mweupe sakafuni, akapiga hesabu ukutani kwa penseli. Fundi alikuwa juu ya ngazi akisubiri kuambiwa nyuzi za pembe. Mkunga alikaa ndani na simu, mlango wazi, akitoa taarifa.

"Unaona nini sasa?"

"Naona mlango wenu, nusu."

"Shusha nyuzi tano. Sasa?"

"Naona kiatu chako cha kushoto."

"Nimesimama wapi?"

"Mimi nitajuaje? Naona kiatu tu. Kinahitaji rangi."

Mke wa Mwalimu aliketi kwenye kiti mlangoni kwake akikata kucha, akicheka peke yake. Waliposhusha nyuzi mbili zaidi, kiatu kikatoweka, likabaki zulia, kizingiti na nusu mita ya sakafu. Mwalimu alirukaruka upande wa pili wa mstari wa chaki, akapunga mikono, akachuchumaa, akapita kifudifudi kidogo na tai yake, na kila mara Mkunga alijibu kwamba haoni kitu. Fundi akakaza skrubu. Kabla ya kukunja ngazi alitoa daftari lake akanakili zile hesabu za Mwalimu, akasema kuanzia sasa mteja atamwonyesha karatasi ya kamati kwanza, ndipo drili itoke kwenye begi.

Kuhusu sauti, Kifungua aliizoea ile simu ya kawaida. Walikubaliana kwamba mama atampigia kila siku saa moja asubuhi, na asipopiga hadi saa mbili, mwenye ruhusa ya kuja kugonga ni mke wa Mwalimu, si mlinzi na magoti yake. Mara ya kwanza Mkunga aliposahau, mke wa Mwalimu aligonga saa mbili na dakika moja, akakaribishwa chai, akaondoka saa nne. Baada ya hapo alikuwa akija hata kama Mkunga hakusahau.

Wakili aliandaa fomu ya ukurasa mmoja, akaipiga chapa, na kufikia mwisho wa mwezi familia tano zilikuwa zimeomba. Kamati ikamteua Mwalimu kuwa mpimaji na Mkunga kuwa mkaguzi, bila malipo. Walikuwa wakipanda na kushuka ngazi wawili hao, Mwalimu na kipimapembe, Mkunga na miwani na nakala ya kanuni.

Nyumba ya tano ilikuwa ya yule dada wa ghorofa ya tano. Alitaka kamera yake ifike hadi kwenye lifti, apate kuona ni nani anashuka.

"Lifti ni ya nani?" Mkunga alimuuliza.

"Ya jengo."

"Anayeshuka humo amekuja kwako?"

Dada alifikiri. "Si lazima."

"Basi mwache ashuke na mambo yake," Mkunga alisema, akamgeukia Mwalimu, ambaye alikuwa ameshapiga magoti na kamba. "Mwalimu, mpimie mpaka kwenye zulia."

"Zulia lake ni la duara," Mwalimu alisema, na uso wake ukang'aa. "Hapa tutahitaji karatasi kubwa zaidi."